Kumwuliza Mwalimu Asichoweza Kukijua: Maoni juu ya Programu Zinazodai Anwani ya Mtandao

Kila mwanachuo wa ualimu hufundishwa mapema kwamba swali ni zana. Swali jema humwongoza mwanafunzi kutoka katika jambo analolijua hadi lile asilolijua. Swali baya humwacha amesimama, macho yamekodolea dari, huku wenzake wakinong'ona. Tunazo kanuni za kutambua swali jema: liwe fupi, lihusu jambo moja tu, lilingane na umri na maarifa ya anayeulizwa, na zaidi ya yote, jibu lake liweze kupatikana. Kanuni hizo twazitumia kuwapima wanachuo wanapokwenda katika mazoezi ya kufundisha. Ni nadra, hata hivyo, kuzitumia kupima zana zinazoletwa shuleni. Katika makala haya twapenda kupima zana moja: programu ya kompyuta ambayo mwalimu anapoisimika humsimamisha katikati ya kazi na kumwuliza anwani ya mtandao ni ipi.

Maoni yetu, tunayoyatoa mapema ili msomaji ajue tunakompeleka, ni haya. Programu inayomdai mwalimu wa darasa anwani ya mtandao bila kumsaidia kuipata imevunja kanuni ya kwanza ya ufundishaji, nayo haistahili kuingia katika shule zetu mpaka irekebishwe. Pamoja na hayo, mwalimu naye asijivunie kutojua anwani hiyo ni kitu gani. Mambo hayo mawili hayapingani, na tutajaribu kuonyesha kwa nini.

Kwa nini jambo hili lamhusu mwalimu wa shule ya msingi

Tuchukue mfano wa shule ya msingi ya Serikali katika Buguruni, jijini Dar es Salaam. Tuseme wazazi wamechangishana, na shule imepata kompyuta 12 zilizokwisha kutumika, zilizonunuliwa katika maduka ya Kariakoo, mwendo mfupi tu wa daladala kwa Barabara ya Uhuru. Tuseme tena kwamba shule haina fedha za kulipia intaneti kila mwezi. Hilo peke yake si kikwazo. Zipo programu zilizotungwa mahsusi kwa hali kama hiyo. Mojawapo ni Kolibri, ya shirika la Learning Equality, ambayo huhifadhi masomo, video na mazoezi katika kompyuta moja, na kompyuta nyingine za chumba hicho huyasoma kutoka humo bila intaneti yoyote. Programu hiyo ina pia sura ya Kiswahili. Kompyuta moja huwa maktaba, na zile 11 huwa wasomaji.

Lakini msomaji hawezi kuifikia maktaba asiyojua ilipo. Hapo ndipo anwani inapoingia, na hapo ndipo kazi nyingi njema hukwama. Mwaka 2007 Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi ilitoa sera ya TEHAMA kwa elimu ya msingi. Sera yaweza kuonyesha njia, lakini sera haiketi mbele ya kioo cha kompyuta saa kumi jioni. Anayeketi hapo ni mwalimu, na aghalabu ni mwalimu kijana aliyetoka chuoni juzi, anayedhaniwa kujua kompyuta kwa kuwa tu ana simu kubwa. Wewe mwanachuo unayesoma makala haya, yaelekea mwakani utakuwa ndiye.

Mwalimu huyo aanza kazi kwa moyo. Programu yamwomba achague lugha, naye achagua. Yamwomba akubali masharti, naye akubali. Ghafla yamfungulia dirisha lenye mistari minne mitupu, yaani anwani ya kompyuta, kigawanyo cha anwani, anwani ya lango, na anwani ya mtunza majina. Hakuna mfano, hakuna maelezo, hakuna kitufe cha kuomba msaada. Mwalimu akumbuka tarakimu alizopata kuziona mahali fulani, aziandika kwa kubahatisha, na programu yazipokea bila kunung'unika. Yaendelea hadi mwisho na kutangaza kwamba kazi imekamilika. Kesho yake wanafunzi wamekwisha kukaa watatu watatu mbele ya kila kompyuta, ndipo vioo vyote 11 vyaandika kwamba ukurasa haukupatikana.

Atafutwa fundi kutoka Kariakoo. Fundi aja, abonyeza hapa na pale, aandika tarakimu anazozijua yeye, apokea malipo yake na kuondoka. Haandiki popote alichofanya, wala hakuna aliyemwomba aandike. Muhula ujao kompyuta moja yaharibika na kusimikwa upya, na safari ya Kariakoo yaanza tena. Baada ya safari ya tatu shule yachoka. Kompyuta zafunikwa vitambaa, chumba chatiwa kufuli, na ufunguo wakaa kwa mwalimu mkuu. Michango ya wazazi imelala humo, na watoto waliochangiwa watamaliza Darasa la 7 bila kuzigusa.

Nchi yetu inayo kumbukumbu ya jambo la namna hii kwa kiwango kikubwa zaidi. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Watafiti wa historia hiyo wanataja, miongoni mwa sababu, kushindikana kwa kazi ya kuweka hesabu za Wizara ya Fedha katika kompyuta, kazi iliyotegemea mno wataalamu wa kigeni. Baadaye marufuku hiyo ilikwisha, lakini fundisho lake halijapitwa na wakati. Mtambo usioeleweka kwa wale wanaoutumia huwa mali ya yule anayeuelewa, hata kama stakabadhi imeandikwa jina la shule. Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwaka 1967, ilitaka shule isiwe tegemezi. Shule isiyoweza kuwasha maktaba yake yenyewe bila kumwita mtu kutoka nje ni tegemezi, ingawa ina kompyuta.

Anwani ya kompyuta ni nini

Kabla ya kulaumu, yafaa kueleza. Anwani ya kompyuta iliyozoeleka, ambayo kanuni zake zilichapishwa mwaka 1981, ni namba yenye sehemu nne zinazotenganishwa kwa nukta, kwa mfano 192.168.1.20. Kila sehemu haiwezi kuzidi 255. Sababu yake ni hesabu tu. Kompyuta huandika kila sehemu kwa tarakimu 8 za sufuri na moja, na tarakimu 8 za namna hiyo zaweza kupangwa kwa njia 256, kuanzia 0 hadi 255. Sehemu zote nne kwa pamoja hutoa anwani 4,294,967,296, idadi iliyo ndogo kuliko idadi ya watu duniani. Ndiyo maana ghala kuu la dunia la anwani hizo liligawa mafungu yake ya mwisho mwezi Februari 2011. Kwa bara letu mgawaji ni AFRINIC, chombo chenye makao yake Mauritius, kilichotambuliwa rasmi mwaka 2005.

Mwanachuo atauliza: ikiwa anwani zimekwisha, shule ya Buguruni itapata wapi anwani 12? Jibu limo katika barua zetu wenyewe. Shule huwa na sanduku moja la posta. Barua ya mwalimu, ya mpishi na ya mwanafunzi zote huandikwa S.L.P. ile ile, na zikifika shuleni, ofisi huzigawa kwa wenyewe. Ndani ya shule, mwanafunzi aweza kuwa na namba 14 katika rejista, na shule ya jirani nayo ina namba 14 wake, wala hakuna anayechanganyikiwa, kwa sababu namba hizo hazitoki nje ya uzio. Anwani zinazoanza na 192.168 ni za namna hiyo. Zilitengwa rasmi mwaka 1996, pamoja na mafungu mengine mawili, ili kila mtu azitumie ndani ya uzio wake bila kuomba ruhusa. Sanduku la posta la mtandao ni kile chombo ambacho mafundi hukiita ruta, na njia ya kupitia humo kwenda nje ndiyo huitwa lango.

Kigawanyo cha anwani, ambacho mara nyingi huandikwa 255.255.255.0, huieleza kompyuta ni sehemu ipi ya anwani iliyo jina la mtaa, na ni ipi iliyo namba ya nyumba. Katika mfano huo sehemu tatu za mwanzo ni mtaa, na ya mwisho ni nyumba. Mtaa huo una nafasi za nyumba 254, si 256, kwa kuwa 0 ni mtaa wenyewe na 255 ni mbiu ya mgambo: ujumbe unaotumwa huko husikiwa na nyumba zote.

Sasa jambo la nne, yaani mtunza majina. Abiria anayekwenda Buguruni hamwambii kondakta namba ya nyumba. Husema "Sheli", au "Malapa", naye hufikishwa. Mwaka 2022, kabla ya Sensa ya tarehe 23 Agosti, Serikali iliendesha kazi kubwa ya kuweka anwani za makazi, na mitaa mingi ikapata nguzo za majina na nyumba zikapata namba. Kazi hiyo ilikuwa njema, kwa maana gari la wagonjwa na la zimamoto huhitaji namba. Lakini haikuyafuta majina, wala haikukusudia kuyafuta. Namba ni kwa ajili ya anayetafuta nyumba kwa uhakika, na jina ni kwa ajili ya kinywa cha mtu. Mtunza majina wa mtandao ni mtu wa katikati: waulize jina, akupe namba.

Makosa ya swali lenyewe

Tukirudi sasa katika lile dirisha lenye mistari minne, twaweza kulisahihisha kama tunavyosahihisha andalio la somo la mwanachuo.

Kosa la kwanza ni kuuliza jambo ambalo muulizaji aweza kulijua mwenyewe. Tangu mwaka 1993 upo utaratibu uliochapishwa wa kugawa anwani bila mtu kuandika tarakimu hata moja. Hufanya kazi kama siku ya kwanza ya muhula. Mwanafunzi mgeni afika mlangoni na kusema, "Nimefika, nikae wapi?" Kiranja amjibu, "Dawati namba 14 li wazi." Mgeni asema, "Basi nalichukua," na kiranja aandika na kuthibitisha: "Ni lako hadi mwisho wa muhula, mlango wa kutokea ni ule, na ukitaka kujua jina la mtu mwulize fulani." Maneno hayo manne ndiyo hasa yanayopita kati ya kompyuta na ruta. Programu inayomwuliza mwalimu kabla ya kumwuliza kiranja ni kama mwalimu anayemwuliza mwanafunzi tarehe ya leo huku ameiandika mwenyewe ubaoni.

Kosa la pili ni kuuliza mambo manne kwa mpigo bila kuonyesha uhusiano wake. Anayeijua anwani na kigawanyo amekwisha kuujua mtaa, na kwa kawaida lango huwa ndani ya mtaa huo huo. Programu ingeweza kupendekeza, na mwalimu akathibitisha au kukataa.

Kosa la tatu ni kupokea jibu lolote. Mwalimu akiandika 192.168.1.300, hapana budi aambiwe pale pale kwamba sehemu ya mwisho imezidi 255. Akiandika mkato badala ya nukta, aonyeshwe. Na iko hatari moja iliyojificha ambayo walimu hasa huweza kuiangukia. Sisi tumezoea namba za watahiniwa zinazoanza na sufuri, kama 0010. Mwalimu mwangalifu aweza kuandika 192.168.001.010 ili safu zikae sawa. Baadhi ya programu huiona sufuri ya mwanzo kuwa ishara ya namba za kizio cha nane, na katika kizio hicho 010 si kumi, bali ni nane. Anwani huwa ya nyumba nyingine kabisa, na mwalimu haoni kosa lake popote, maana hakukosea.

Kosa la nne ni kuingia bila hodi. Mswahili haingii nyumbani mwa mtu kabla hajaitikiwa. Programu nayo yaweza kupiga hodi, yaani kutuma ujumbe mfupi kwa anwani iliyotajwa na kusikiliza. Ikiitikiwa, basi nyumba hiyo ina mwenyewe, na mwalimu aambiwe achague nyingine. Kompyuta mbili zikipewa anwani moja, barua za mmoja humwendea mwingine, na kosa hilo huja na kutoweka kiasi kwamba hata fundi husingizia umeme.

Kosa la tano ni kutangaza kosa kwa mlio tu au kwa rangi tu. Buguruni ipo shule ya msingi ya wanafunzi viziwi, iliyoanzishwa mwaka 1974. Mlio wa onyo haumsaidii mwalimu au mwanafunzi asiyesikia, na mstari mwekundu haumsaidii yule asiyetofautisha rangi. Onyo liandikwe kwa maneno, karibu na mahali penye kosa, na lieleze la kufanya.

Mifano mema tuliyo nayo

Wapo watakaosema kwamba tunadai mambo makubwa. Twawajibu kwamba mambo hayo yamo tayari mikononi mwa wananchi. Tazama LUKU. Mama anayeuza vitumbua Buguruni hununua umeme na kupewa tarakimu 20. Tarakimu 20 ni nyingi kuliko anwani yoyote tuliyoitaja. Hata hivyo huziingiza katika mita gizani, kwa sababu zimeandikwa kwa mafungu ya nne nne, na kwa sababu akikosea mita hukataa mara moja badala ya kunyamaza. Hakusomea umeme, aliyetunga utaratibu ndiye aliyemfikiria.

Tazama pia kutuma fedha kwa simu. Mtu huandika namba, na kabla hajatia namba yake ya siri huonyeshwa jina la mpokeaji. Namba yageuzwa kuwa jina ili binadamu athibitishe kwa akili ya kibinadamu. Programu ya shule yafaa kufanya vivyo hivyo: "Nimeipata ruta. Kompyuta hii itaitwa maktaba. Je, niendelee?"

Hata katika ulimwengu wa kompyuta mifano haikosekani. Programu ya kusimika mfumo wa Debian huomba kwanza anwani kwa utaratibu wa kiranja. Ikikosa, hairudi kumkemea mtu, bali humpa njia kadhaa: kujaribu tena, kuandika mwenyewe, au kuendelea bila mtandao kwa wakati huo. Njia hiyo ya mwisho ina thamani kubwa kwetu. Mwalimu ambaye waya haujafika, au ambaye umeme wa ruta umekatika, asizuiwe kumaliza sehemu nyingine ya kazi. Hali kadhalika, utaratibu wa kompyuta kujitangaza kwa jina ndani ya uzio umekwisha kuandikwa rasmi tangu mwaka 2013, hivyo mwanafunzi aweza kuandika neno moja badala ya namba.

Iko pia sababu ya kutazama mbele. Anwani mpya zilizotungwa kwa kuwa za zamani zimekwisha zina tarakimu 128 za sufuri na moja, na hata zikifupishwa huweza kufikia herufi na tarakimu 32. Kumdai mwalimu aziandike hizo kwa mkono ni mzaha. Programu isiyojifunza leo kuitafuta anwani yenyewe itashindwa kabisa kesho.

Suala la lugha

Elimu ya shule za msingi za Serikali hutolewa kwa Kiswahili tangu mwaka 1967. Mwalimu aliyesoma na anayefundisha kwa Kiswahili hukutana na dirisha la anwani kwa lugha nyingine, tena lugha ya mafundi. Kazi ya kutafsiri programu ilikwisha kuanzwa zamani. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi kwa Kiswahili. Jambo hilo lilithibitisha kwamba lugha yetu haishindwi.

Lakini twapenda kuonya: tafsiri ya neno kwa neno haitoshi. Jina ambalo mafundi wa kigeni hukiita kigawanyo cha anwani, likitafsiriwa lilivyo, huwa "barakoa". Mwalimu aliyepita wakati wa UVIKO-19 atashangaa kompyuta yake yataka barakoa ya nini. Neno litajwe kwa kazi yake, si kwa sura yake katika lugha nyingine. Na sentensi iwe swali la binadamu. Badala ya "Ingiza anwani tuli", iulizwe: "Je, kompyuta hii ndiyo itakayohifadhi masomo ya wenzake?" Hilo mwalimu alijua. Akijibu ndiyo, programu itambue yenyewe kwamba anwani ya kompyuta hiyo isibadilike kila siku, kama vile ofisi ya mwalimu mkuu isivyohamahama, nayo ipendekeze anwani, ipige hodi, na kuithibitisha.

Hoja za wanaopinga

Tumewasikia wenzetu wa namna mbili. Wa kwanza husema: programu ikifanya yote, mwalimu atabaki mjinga, afadhali aulizwe ili ajifunze. Hoja hii ina heshima yake, lakini yachanganya mtihani na somo. Swali lisilojibika halifundishi, bali hutisha. Anayetaka kufundisha humwonyesha mwanafunzi jibu na njia iliyolipata. Kwa hiyo hatutaki programu inayoficha kazi yake. Twataka programu inayofanya kazi, kisha ikaonyesha kwa Kiswahili: nimepewa anwani hii, na ruta hii, lango ni hili, chapa ukurasa huu uubandike ukutani. Ukurasa huo mmoja ungeokoa safari zote za Kariakoo, kwa kuwa fundi wa kesho angeona alichofanya fundi wa jana.

Wa pili husema: maadamu programu itafanya yote, vyuo visijishughulishe, mwalimu abonyeze tu "endelea". Hao nao hatukubaliani nao. Siku kiranja asipoitika, kompyuta hujichukulia yenyewe anwani inayoanza na 169.254, kama mwanafunzi aliyekaa popote kwa kukosa wa kumwelekeza. Mwalimu anayejua maana ya namba hizo mbili atakwenda moja kwa moja kuangalia waya na umeme wa ruta, na kwa kawaida hatakuwa mbali na jibu. Asiyejua atasimika programu upya mara tatu, kisha atafunga chumba. Tofauti ya walimu hao wawili ni kipindi kimoja tu cha chuoni.

Kazi ya chuo na ya mwanachuo

Kipindi hicho hakihitaji kompyuta hata moja, na mwanachuo aweza kukifundisha kwa Darasa la 5 katika dakika 40. Panga madawati kwa safu, na kila safu ipewe jina la mtaa. Kila mwanafunzi apewe namba ya nyumba katika mtaa wake. Mwanafunzi mmoja asimame mlangoni awe ruta, na mwingine aketi mbele na orodha ya majina. Kwa karatasi za daftari kuukuu watoto waandikiane barua, wakitumia mtaa na namba tu. Kisha mwalimu aharibu mambo kwa makusudi: awape watoto wawili namba moja, na waone barua inavyogombewa, amwondoe ruta, na waone barua za nje zinavyorudi, amwondoe mtunza majina, na waone jinsi wanavyohangaika ingawa barua zenye namba zafika. Kila uharibifu ufuatwe na swali: nini kimekosekana, na tungejuaje? Zoezi hilo ni la macho na mikono, hivyo lawafaa pia wanafunzi wasiosikia.

Kwa wanachuo wenyewe twapendekeza zoezi jingine. Kila programu inayokusudiwa kuletwa shuleni isimikwe kwanza na mwanachuo mmoja huku mwenzake akiandika kila swali linaloulizwa. Mbele ya kila swali iandikwe alama ya ndiyo au hapana: je, mwalimu wa darasa aweza kulijibu swali hili bila kumwita mtu? Orodha hiyo ipelekwe kwa mwalimu mkuu kabla fedha haijatolewa, na ipelekwe pia kwa wale waliotunga programu. Watungaji wengi wa programu za elimu hupokea maoni ya namna hiyo, lakini ni vigumu kwao kurekebisha kosa ambalo hakuna aliyelitaja.

Shule zetu zimezoea kupokea zana kwa shukrani na kuona haya kusema zimeshindikana. Haya hiyo ina gharama, na anayeilipa ni mtoto aliyekaa nje ya chumba chenye kufuli. Mwalimu anayemsahihisha mwanachuo kwa swali baya asione vibaya kuisahihisha na kompyuta. Basi, ndugu wanachuo, mtakapofika vituoni na kukutana na dirisha lile lenye mistari minne, msilijibu kwa kubahatisha. Liulizeni nanyi: je, uliuliza kiranja kwanza? Ikiwa haikuuliza, andikeni, na mtutumie.